Fundi Anajibu: Weka Msasa Chini Kwanza

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo lilelile: nianze na msasa namba ngapi? Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Ukiniandikia, nitumie picha ya samani yako ikiwa imepinduliwa, miguu juu. Upande wa juu kila mtu huupamba. Chini ndiko ninakoona ni mbao gani, imeungwaje, na nani ameshapita hapo na misumari yake.

Shikamoo fundi. Nina meza ya kulia ya mninga aliyoiacha marehemu baba. Juu imejaa alama nyeupe za vikombe vya chai, na pale tulipokuwa tunaweka kopo la maua pana doa jeusi. Vanishi imefifia na ukiegemeza mkono inanata. Nimeshanunua msasa namba 60 na kopo la vanishi. Nianzie wapi? *Msomaji, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Huo msasa namba 60 mpelekee jirani anayekwangua mlango wa banda. Juu ya meza ya mninga utaacha mikwaruzo ambayo utahangaika kuifuta wiki nzima, na vanishi mpya itaionyesha yote. Tena mninga uliokaa miaka uso wake umeshageuka rangi kwa mwanga na hewa. Ukisugua sehemu moja tu, unatokea mbao mpya yenye rangi nyingine, na meza inakuwa na kiraka.

Anza na kitambaa. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe tone. Pangusa kipande kwa kipande na ukaushe papo hapo kwa kitambaa kingine. Maji yakikauka, rudia kwa kitambaa chenye tapentaini. Utashangaa kitakavyokuwa cheusi. Mara nyingi kunata si kosa la vanishi: ni mafuta ya mikono, mchuzi, na zile polishi za kupuliza tunazopaka kila Jumamosi tukidhani tunaitunza meza. Nyingi zina silikoni, na mabaki yake ndiyo yanayofanya vanishi mpya ijikunje na kuacha vitundu vya mviringo kana kwamba imemwagwa juu ya siagi. Kwa hiyo hatua hii usiiruke hata kama utaamua kubandua vanishi yote baadaye.

Kisha jua kilichopakwa. Tafuta sehemu iliyojificha, chini ya ukingo, udondoshe spiriti ile ya dukani, usubiri dakika moja. Pakilainika na kunata, ni ile polishi ya zamani ya shelaki. Pasipolainika, jaribu tone la thina ya laka. Pakilainika sasa, ni laka, ile inayopulizwa na mashine kwenye karakana nyingi hapa Keko, Dar es Salaam. Zote mbili zikishindwa, una vanishi ya mafuta au ya poliurethani. Faida ya kujua ni hii: shelaki na laka haziogopi kurekebishwa. Unaweza kulainisha uso wake kwa kiyeyushi chake na kuufufua bila kubandua chochote. Vanishi ya mafuta haiyeyuki ikishakauka, hiyo inakwaruzwa kidogo na kupakwa juu yake.

Alama nyeupe zina dawa, usiziogope. Weupe huo ni unyevu ulionaswa ndani ya rangi ya juu, mbao yenyewe haijaguswa. Tandika kitambaa safi cha pamba, kipande cha kanga kinatosha, upitishe pasi yenye moto mdogo, bila mvuke, sekunde chache tu. Nyanyua, tazama, rudia. Alama ikigoma, chekecha majivu ya mkaa mpaka yawe laini kama poda, changanya na mafuta ya kula, usugue kwa kidole kufuata nyuzi za mbao. Mzee aliyenifundisha kazi kule Ngamiani, Tanga, hakuwa na dawa nyingine ya vikombe zaidi ya hii, na meza za kahawa alizokuwa akiletewa zilikuwa na alama hata hujui vikombe vilikuwa vingapi.

Doa jeusi ni habari nyingine. Lile limo ndani ya mbao. Kopo la bati, maji yaliyovuja na tanini, ile asili ya ukakasi iliyomo ndani ya mbao, vimekutana, vikatengeneza weusi unaofanana na wino. Pasi haitalitoa, na ukitaka kulifuata kwa msasa utachimba bonde. Panahitajika asidi ya oksaliki, chembechembe nyeupe zinazouzwa na wauza kemikali. Itayeyushwe kwenye maji ya moto na kupakwa kwenye mbao iliyo uchi, si juu ya vanishi. Ipake ubao mzima, si doa peke yake, la sivyo utabaki na duara jeupe badala ya jeusi. Ikikauka, osha kwa maji safi zaidi ya mara moja kabla ya kugusa na msasa, kwa sababu vumbi lake linachoma koo. Ni sumu. Vaa glavu, weka mbali na watoto, na usiichanganyie kwenye sufuria ya jikoni wala chombo chochote cha chuma.

Kwa hiyo ubao huo wenye doa utabanduliwa vanishi, hakuna ujanja. Ningekuwa mimi ningeishi na doa la baba. Lakini meza ni yako.

Ukiamua kupaka, msasa ndio unaingia sasa. Pale palipobaki na vanishi nzima, namba 240 kwa mkono mwepesi ili tu uso ushike. Pale palipo uchi, anza 120, kisha 180, kisha 240, kila mara ukifuata nyuzi, na ufunge pua na mdomo kwa barakoa, maana vumbi la mninga linawasha, na la mvule ni zaidi. Mkono wa kwanza wa vanishi uzimue kwa tapentaini, sehemu moja kwa tisa. Uache ulale usiku mzima, pitisha 320, futa vumbi, paka tena. Meza ya kulia inataka mikono mitatu. Usipake jioni wala siku ya mvua. Muheza wakati wa masika vanishi inakaa siku mbili haijakauka, na laka huota ukungu mweupe kwa sababu thina inapopaa inaupoza uso na unyevu wa hewani unatua juu yake.

Fundi, habari za kazi. Viti vyangu sita vya chakula vinacheza. Mume wangu alipiga misumari kwenye maungio mwaka jana, vikatulia mwezi mmoja, sasa vinacheza kuliko mwanzo na kimoja kimepasuka mguu. Ni vya mtiki. Bado vina maisha? *Mama wawili, Tabata*

Nzuri, mama. Maisha vinayo, tena marefu. Mtiki wa mashamba ya Longuza au Mtibwa ukiwa umekomaa unatuzika sisi sote. Mpe shemeji salamu, nia yake ilikuwa njema, lakini nyundo yake ifiche kwa muda.

Kiti kinacheza kwa sababu gundi imekata tamaa. Ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu, kati yao pana gundi. Kila msimu mbao hutanuka na kusinyaa upande wa unene wake, na kila anayekaa na kuegemea nyuma kwa miguu miwili anaivuta. Gundi ikiachia, ulimi unaanza kusaga tundu. Msumari hauzuii msago huo. Unatoboa ulimi, unapasua nyuzi, na huku pwani unapata kutu na kuvimba. Kisha anakuja fundi kama mimi kuungoa, na kuungoa ndiko kunakokula saa nyingi kuliko ukarabati wenyewe.

Ng'oa misumari kwanza, kwa koleo lenye mdomo mwembamba. Ikiwa kichwa kimezama, chimba pembeni yake kidogo kwa patasi ndogo. Usivute kwa hasira. Halafu andika kila kipande kwa penseli sehemu isiyoonekana: kiti cha kwanza, mguu wa mbele kushoto, na kadhalika. Viti sita vinafanana kwa macho tu. Ulimi wa kimoja hautaingia vizuri kwenye tundu la kingine.

Gonga maungio yaachane kwa nyundo ya mpira, au nyundo ya kawaida ukiweka kipande cha mbao laini katikati. Ungio lililo imara liache. Usifumue kiti chote kwa sababu tu umekasirika.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapoharibu. Gundi nyeupe mpya haishiki juu ya gundi nyeupe ya zamani iliyokauka. Inataka mbao uchi. Kwa hiyo gundi ya zamani yote itoke, kwenye ulimi na ndani ya tundu. Siki ya moto kiasi huilainisha: paka, subiri, kwangua kwa kisu butu au patasi, rudia, kisha pangusa kwa maji na uache ikauke kabisa. Usikwangue mbao yenyewe, kila wembamba unaouondoa ni ulegevu unaouongeza. Na mtiki una mafuta yake ya asili, kwa hivyo kabla tu ya kutia gundi pangusa ulimi kwa thina.

Ulimi ukiingia kwa kulegea, usijaze vumbi la mbao lililochanganywa na gundi. Najua mafundi wanafanya, lakini uji ule hauna nguvu. Chukua maranda, yale mapande membamba yanayotoka kwenye randa, gundisha juu ya ulimi, yakikauka punguza kwa msasa mpaka ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo umezidisha.

Tia gundi pande zote mbili, unganisha, weka kiti kwenye sakafu iliyonyooka, na upime kwa kamba kutoka pembe hadi pembe. Kamba zote mbili zikilingana, kiti kimekaa mraba. Kisha kibane. Huna klempu? Nenda kwa fundi baiskeli umwombe mpira wa ndani uliochakaa, ukate utepe mrefu, uuzungushe kwenye miguu huku ukiuvuta. Unabana kuliko klempu za bei rahisi na hauachi kovu. Gundi iliyotoka nje ifute saa ile ile kwa kitambaa chenye maji, maana ikikauka hapo vanishi haitaingia. Saa 24 asikae mtu, hata mtoto.

Mguu uliopasuka, kama ufa unafuata nyuzi, chomeka gundi ndani kwa kipande cha plastiki chembamba, bana. Kama umevunjika kukatisha nyuzi, hapo gundi peke yake haitoshi. Niletee au mpelekee fundi wa karibu atengeneze mguu mpya.

Fundi, chini ya kitanda chetu kila asubuhi nakuta unga mweupe laini, na ubavuni mwa kitanda kuna vitundu kama vya sindano. Jirani amesema nimwagie mafuta ya taa, mwingine oili chafu. Ni mchwa? *Msomaji, Kahama*

Si mchwa. Mchwa hutembea na udongo wake, ungeona njia za tope ukutani au mguuni mwa kitanda. Unga laini kama wa ngano na vitundu vya milimita moja au mbili ni kazi ya wadudu wanaobungua mbao. Mama yake alitaga ndani ya vinyweleo vya mbao, funza akala ndani kwa miezi, na kile kitundu unachokiona ni mlango aliotokea akiwa mdudu kamili.

Tazama vizuri palipotobolewa. Nina hakika ni sehemu yenye rangi ya krimu, si ile nyekundu. Hiyo ni mbao ya nje ya gogo, ina wanga, ndiyo chakula chao. Mbao ya ndani hawaitaki. Fundi aliyekutengenezea aliokoa mbao akachanganya zote, akazifunika kwa rangi. Ukinunua kitanda siku nyingine, kigeuze kabla hakijapakwa.

Mafuta ya taa yanapaa, mdudu anabaki, na wewe unalala juu ya harufu na hatari ya moto. Oili chafu iweke kwenye nguzo za uzio, si ndani ya chumba cha kulala. Fumua kitanda, kitoe nje, kwangua vanishi kwenye sehemu zilizotobolewa, na upake dawa ya kuhifadhi mbao yenye permethrini, ambayo maduka ya pembejeo huwa nayo. Kwenye vitundu ingiza kwa bomba la sindano mpaka itokee kitundu cha pili. Kiache kikauke siku kadhaa nje. Kama una paka, asikaribie mpaka dawa ikauke kabisa, inamdhuru vibaya kuliko sisi. Kisha ziba vitundu kwa nta, upake vanishi kila upande, hata usioonekana, maana mdudu hutaga kwenye vinyweleo vilivyo wazi.

Unga kidogo unaweza kuendelea kudondoka kutoka kwenye njia za zamani, usitaharuki. Kinachohesabika ni kitundu kipya juu ya nta au vanishi. Na kama ubavu ukiubonyeza kwa bisibisi inazama, usiupake dawa. Badilisha ubavu.

Assalamu alaykum fundi. Bibi ameniachia sanduku la njumu, lile lililopambwa kwa vipande vya shaba. Mbao imekuwa nyeusi, shaba imefanya kijani. Nataka niling'arishe, nilipake vanishi, na kufuli lake nibadilishe kwa jipya. *Msomaji, Mji Mkongwe*

Waalaykum salaam. Naomba usifanye hata moja kati ya hayo matatu.

Masanduku haya mengi yalikuja kwa majahazi kutoka Surat, Bombay na bandari nyingine za Bara Hindi, mengi ni ya mtiki, na mengine yakatengenezwa huku kwetu kwa kufuata namna ile. Weusi wake ni mafuta, moshi wa udi na mikono ya watu. Anayejua thamani akikuta limekwanguliwa na kung'ara vanishi anapunguza bei pale pale, na wala hukosei ukimwelewa. Kufuli hata likiwa bovu libaki.

Toa vumbi kwa brashi laini ya rangi. Pangusa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Shaba ile usiisugue kwa ndimu na chumvi, ninajua sufuria za shaba tunazisafisha hivyo, lakini hapa asidi inateremka chini ya njumu na kuchoma mbao kwa duara. Kata kadi yenye tundu la ukubwa wa njumu, iweke juu ili mbao ifunikwe, usugue njumu kwa polishi ya shaba na pamba, moja moja. Ni kazi ya redio na kahawa. Ukichoka, acha kijani kilichobaki, hakina haraka.

Mwisho nta. Nta ya nyuki ya Tabora, sehemu moja, tapentaini sehemu tatu. Iyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si motoni moja kwa moja, na zima moto kabla ya kutia tapentaini. Ikipoa inakuwa kama samli. Paka kidogo mno, subiri, ng'arisha kwa kitambaa. Ndani ya sanduku usipake kitu. Mafuta huoza kwenye kisanduku kilichofungwa na nguo zitanuka.

Mtu akikushauri mafuta ya kitani badala ya nta, sawa, lakini vitambaa ulivyopakia vitandaze kwenye kamba nje mpaka vikakamae. Ukivifinyanga na kuvitupa kwenye ndoo vinajichemsha vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti.

Fundi, kabati la jikoni limevimba chini baada ya maji kuingia. Linatengenezeka? *Msomaji, Mbagala*

Kama ni mbao ya unga iliyoshindiliwa, sehemu iliyovimba hairudi. Kata sentimita zilizoharibika, ziba ukingo kwa rangi ya mafuta, ulikalishe juu ya fremu ya mbao halisi. Usimlipe mtu akupigie putii.

Fundi, viti vya henzerani vya mama vimelegea makalio lakini havijakatika. Mwenye duka anasema nisuke upya. *Msomaji, Mombasa*

Ngoja kwanza. Pindua kiti, loweka henzerani upande wa chini kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka inywe vizuri, kisha iache ikauke polepole mahali penye upepo, mtu asiikalie. Inajivuta yenyewe inapokauka. Upande wa chini ndio unaokunywa, juu pana gamba. Kama nyuzi zimekatika, mwenye duka ana haki yake.

Fundi, nataka kupaka upya kitanda cha mtoto nilicholalia mimi mwenyewe. Kina rangi ya zamani tabaka juu ya tabaka, inabanduka. Nikisugue kwa msasa mkavu au nitumie moto? *Baba mtarajiwa, Moshi*

Hongera. Vyote viwili, hapana. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi au moshi wake ndio njia fupi ya kuingia mwilini. Kwa mtoto madhara ni kwenye ubongo, na mama mjamzito naye asiwepo karibu. Tumia dawa ya kubandulia rangi ya kupaka kwa brashi, nje, kwa glavu, kwangua ikiwa bado mbichi, na msasa utakaofuata uwe wa maji, uloweshwe muda wote. Makombo yafunge kwenye mfuko, usiyafagie bustanini. Kama kuna tabaka nyingi kiasi cha kuficha nakshi, ningekitunza kama kumbukumbu na kumtengenezea mtoto kingine cha saiprasi.

Ukiendelea nacho, pima kabla hujapaka. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, na godoro lisiache mwanya ubavuni. Vitanda vya enzi zetu vingi vina nafasi pana zaidi ya hapo. Ongeza fito kwanza, rangi baadaye.